McCrum, kipa aliyebuni penalti

Sisi wa Pwani twaijua Wang'uru kwa mchele wa pishori, ule wa pilau za harusi. Lakini mji huo wa Mwea, kaunti ya Kirinyaga, una uwanja wa mpira pia, ndio uliofanyiwa sherehe za Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2021. Kipa anayesimama pale kungojea penalti, sawa na kipa wa Mombasa au Lamu, yuko chini ya sheria iliyobuniwa na kipa mwenziwe, William McCrum.

Alizaliwa mwaka 1865 huko Ireland, mtoto wa tajiri wa kiwanda cha kitani katika kijiji cha Milford. Aliidakia timu ya kijiji, na timu yenyewe, tuseme kweli, ilikuwa ya kuhurumiwa: katika msimu wa kwanza wa ligi ya Ireland, 1890-91, ilicheza mechi 14, ikashindwa zote na kufungwa mabao 62.

Zama hizo beki akiona bao laja, alimkata mtu ngwala au kuunawa mpira makusudi. Adhabu ilikuwa faulo ya kawaida tu, na timu nzima iliruhusiwa kujipanga golini. Kwa hivyo rafu ililipa, na walioumia ni washambuliaji. Mwaka 1890 McCrum akapendekeza, kupitia chama cha soka cha Ireland, kwamba anayemkata au kumshika mwenziwe, au kuunawa mpira karibu na goli lake, timu yake iadhibiwe kwa mkwaju wa mtu mmoja dhidi ya kipa. Mabwana wa Uingereza walihamaki. Waliona wanaitwa walaghai, kwani muungwana, kwa fikira zao, hachezi rafu kusudi.

Februari 1891, robo fainali ya Kombe la FA, beki wa Notts County aliunawa mpira uliokuwa waingia golini. Stoke wakapewa faulo palepale karibu na mstari. Kipa akasimama mbele ya mpira, pa kupitia hapana. Notts ikashinda 1-0. Kelele zikawa nyingi, na tarehe 2 Juni 1891 penalti ikawa sheria.

Wajanja hawakulala. Stoke haohao walipata penalti mechi na Aston Villa ikikaribia kuisha. Kipa wa Villa akaubutua mpira nje ya uwanja hadi muda ukamalizika. Sheria ikaongezwa: muda ungoje mkwaju upigwe.

Tundu moja lingali wazi. Mwaka 2010 Suárez wa Uruguay aliunawa mpira wa Ghana mstarini, dakika za mwisho kabisa. Alipewa kadi nyekundu, lakini Gyan akagonga mwamba, na Uruguay ikapita kwa mikwaju. Mimi naona lile lingehesabiwa bao tu.

McCrum hakupata senti kwa sheria yake. Ndoa ilivunjika, kamari ikala mali, na Desemba 1932 akafia katika nyumba ya kupanga mjini Armagh.