Grünewald, mchoraji aliyempa Yesu vidonda vya wagonjwa

Jina la Grünewald alibandikwa na mwandishi mmoja zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwake. Mwenyewe aliitwa Mathis Gothart Nithart, Mjerumani, mchoraji na pia fundi wa mitambo ya maji, aliyewatumikia maaskofu wakuu wa Mainz.

Kazi iliyompa sifa aliifanya kati ya 1512 na 1516 huko Isenheim, kijiji kilichopo leo mashariki mwa Ufaransa. Watawa wa hapo waliuguza watu wenye Moto wa Mtakatifu Antoni. Ugonjwa huo uliletwa na kuvu inayoota kwenye masuke ya rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano. Aliyekula mkate wake alihisi mwili unaungua. Vidole na miguu vikawa vyeusi, vikaoza, vikakatwa. Chanzo hakikujulikana bado. Watawa waliwapa mkate mzuri, na huo, tunavyoona sisi, huenda ulisaidia kuliko dawa nyingine zote.

Wagonjwa walipelekwa mbele ya picha za Mathis, zilizochorwa kwenye mbao zinazofunguka kama milango. Wachoraji wengi wa zama zile walimchora Yesu msalabani akiwa na mwili safi, kama amelala. Huyu ana ngozi ya kijani, miiba imemchoma mwili mzima, vidole vimekakamaa. Mgonjwa aliona mwili kama wake.

Kando yumo Yohane Mbatizaji akimnyooshea kidole Yesu, ingawa alikuwa ameshauawa kabla ya siku ile. Hakuwekwa kama shahidi wa tukio, bali kueleza maana yake. Miguuni pake mwana-kondoo anamwaga damu kikombeni: ni sadaka. Pembeni yuko Mtakatifu Sebastiani na mishale yake, aliyeombwa wakati wa tauni. Na mbao zilipofunguliwa sikukuu, Yesu alionekana amefufuka, ngozi nyeupe, bila kidonda ila alama za misumari na mkuki.

Baada ya vita vya wakulima vya 1525 Mathis aliacha utumishi wa askofu. Alifariki Halle mwaka 1528, na katika vitu vyake yalikutwa maandiko ya Martin Luther. Picha zenyewe zipo kwenye makumbusho ya Unterlinden, mjini Colmar, si mbali na Isenheim.