Aniceti Kitereza na Kisiwa Kisicho Ukiwa

1.0 Utangulizi

Tangu Daniel Defoe alipochapisha Robinson Crusoe mwaka 1719, riwaya ya kisiwa katika fasihi ya Ulaya imezoeleka kuwa riwaya ya mahame: chombo huvunjika, mtu au watu wasiojuana hutupwa ufukoni, na maisha huanzwa upya mahali patupu. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1896, aliandika riwaya ya kisiwa iliyo kinyume cha hiyo. Kisiwa chake kimejaa ndugu, wakwe, majirani na waganga. Upweke uliomo hauletwi na maji, bali huzaliwa ndani ya nyumba.

2.0 Makuzi na Elimu

Ukerewe imo katika Ziwa Viktoria, kaskazini mwa Ghuba ya Speke. Ng'ambo ya ghuba hiyo, upande wa kusini-mashariki, iko wilaya ya Busega ya mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na kufanya Bariadi makao yake makuu. Ziwa halikuwatenga Wakerewe na walimwengu. Watawala wao, Wasilanga, walitokea Ihangiro katika Buhaya, na mitumbwi ya biashara iliwaunganisha na Wasukuma wa bara.

Kitereza alikuwa wa ukoo huo wa kitawala. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, naye akalelewa katika ikulu ya Omukama Mukaka. Alisoma katika misheni ya Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, Buhaya, ambako alijifunza Kilatini na Kijerumani miongoni mwa masomo mengine. Hakuwa padri. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Watoto wao wote walifariki wangali wadogo.

3.0 Riwaya na Safari ya Muswada

Msiba huo hauwezi kutengwa na kazi aliyoikamilisha mwaka 1945 kwa lugha ya Kikerewe. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamchukua, na mume analazimika kwenda ukweni kuomba suluhu na kulipa faini ya pombe ya ndizi. Baada ya tiba ya mganga Kibuguma wanazaliwa Ntulanalwo na Bulihwali. Katika masimulizi hayo Kitereza aliingiza kilimo, uvuvi, adabu za ukweni, tiba na mazishi, kwa kuwa aliona desturi hizo zikififia mbele ya kizazi kilichokuwa kikikua.

Padri Almas Simard, Mkanada aliyetumikia Kagunguli, alijaribu kuitafutia kazi hiyo mchapishaji, lakini hakufanikiwa: wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache mno kuweza kurudisha gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Gerald Hartwig, mwanahistoria Mmarekani, na mkewe Charlotte walifika Ukerewe wakamhimiza mwandishi aifasiri kwa Kiswahili. Kitereza, aliyekuwa amevuka umri wa miaka 70, aliifanya kazi hiyo mwenyewe. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya muswada kukamilika. Mwandishi alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

4.0 Hitimisho

Kwa kuwa mfasiri ndiye mtunzi, matini ya Kiswahili haifai kupimwa kama kivuli tu cha ile ya Kikerewe. Ni utunzi wa pili, uliofanywa na mzee kwa ajili ya hadhira pana kuliko ile aliyoikusudia alipokuwa na umri wa makamo. Baadaye riwaya ilifasiriwa kwa Kijerumani na Wilhelm Möhlig, na kwa Kiingereza na Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwenzake, mwaka 2002. Mtu aliyewazika watoto wake wote aliwapa wahusika wake watoto wa kuwazika wao. Maisha yake yanaonyesha kwamba lugha ya watu wachache inaweza kuwa kisiwa chenye kila kitu isipokuwa chombo cha kuvukia. Kwa Kitereza, chombo hicho kilikuwa Kiswahili.