Malcolm X: Aliyempinga hata kiongozi wake

Wengi wetu tunapomtaja Malcolm X huwa tunataja mambo mawili: kwamba aliwasema wazungu wa Marekani kwa maneno makali, na kwamba alikwenda Hijja. Vijana wanamjua zaidi kwa fulana. Hata hapa Shanwe, Mpanda, utawaona waendesha bodaboda wamevaa fulana za mitumba zenye herufi X kifuani, na ukimuuliza mmoja atakwambia labda ni jina la kampuni. Mimi husomesha maisha yake kila mwaka katika somo la Maarifa ya Uislamu, na kila mwaka wanafunzi hupenda sehemu ileile ya kupambana na serikali. Kwa maoni yangu sehemu nzito kuliko zote ni nyingine. Ni ile ya mwaka 1964, alipolazimika kusema haki dhidi ya mtu aliyemtoa gizani.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 katika mji wa Omaha, jimbo la Nebraska, akiitwa Malcolm Little. Baba yake, Earl Little, alikuwa mhubiri wa Kikristo na mfuasi wa Marcus Garvey, yule Mjamaika aliyewahimiza watu weusi wajitegemee na waithamini asili yao ya Afrika. Kwa sababu hiyo familia ile iliandamwa, na mwaka 1929 nyumba yao iliteketea kwa moto. Mwaka 1931 baba akakutwa amekatwa na tramu mjini Lansing. Wakubwa wakasema ni ajali, watu weusi wakasema ameuawa. Mama yake, mzaliwa wa kisiwa cha Grenada, alielemewa na dhiki mpaka akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na watoto wakagawanywa huku na kule.

Shuleni Malcolm alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora. Alipomwambia mwalimu wake kwamba angependa kuwa mwanasheria, mwalimu alimjibu kuwa kazi hiyo haimfai mtu wa rangi yake, bora afikirie useremala. Mimi ni mwalimu, na mahali hapa huwa nasita kidogo ninaposomesha. Baada ya hapo alihamia Boston, kisha Harlem, New York, akaingia katika kamari, dawa za kulevya na wizi wa kuvunja nyumba. Mwaka 1943, vita kuu ya pili ikiendelea, aliitwa jeshini. Akajifanya mwehu mbele ya madaktari, wakamwacha. Kuna wanaolihesabu tukio hilo kuwa ushujaa wa kupinga vita. Si kweli, ule ulikuwa ujanja wa mhuni anayekwepa kazi.

Februari 1946 alifungwa. Gerezani ndiko alikosoma, akianza na kunakili kamusi neno kwa neno, halafu vitabu vya historia usiku na mchana. Huko pia ndugu zake walimfikishia mafundisho ya Elijah Muhammad, kiongozi wa kundi la Nation of Islam, ambaye naye alikuwa amefungwa miaka ya vita kwa kuwahimiza wafuasi wake wasiende jeshini. Mwaka 1950, Marekani ilipoingia vitani Korea, Malcolm alimwandikia Rais Truman barua kutoka gerezani akieleza kuipinga vita ile. FBI wakamfungulia jalada, na hawakulifunga mpaka alipokufa.

Hapa niseme wazi, kwa sababu baadhi yetu tunapenda kuiruka sehemu hii. Mafundisho yale hayakuwa Uislamu. Walifundishwa kwamba Mungu alikuja kwa sura ya mtu aliyeitwa W. D. Fard, kwamba Elijah ni mjumbe wake, na kwamba wazungu wote ni mashetani kwa maumbile. Hiyo ni shirki, na ni ubaguzi uleule uliogeuzwa upande. Lakini kundi lile liliwafikia watu ambao hakuna msikiti wala kanisa lililowajali: wafungwa, walevi, malaya na watumia unga. Wakaacha pombe, wakavaa nadhifu, wakafanya kazi. Malcolm alipotoka gerezani mwaka 1952 alijitoa kwa Elijah kama mwana kwa baba. Kwa juhudi zake kundi dogo likawa na wafuasi maelfu kwa maelfu, na kuanzia mwaka 1954 yeye ndiye aliyeliongoza tawi la Harlem.

Mtihani ukaja kwa njia mbili. Kwanza alipata uhakika kwamba Elijah, aliyewafukuza watu kundini kwa zinaa, alikuwa amezaa watoto na wasichana makatibu wake. Pili, Desemba 1963, baada ya Rais Kennedy kuuawa, Malcolm alisema kwamba ukatili ulioachwa ukienea Marekani sasa umerudi nyumbani. Akafungiwa kuzungumza kwa siku 90. Angeweza kukaa kimya, kwani nyumba aliyoishi na mkewe na watoto ilikuwa ya kundi na riziki yake ilitoka huko. Machi 8, 1964 akatangaza kujitoa.

Ndugu msomaji, kumpinga adui anayekuchukia hakuhitaji moyo mkubwa sana, maana watu wako watakushangilia. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Sisi tunaijua kwa ulimi. Mara ngapi tumeona fedha za msikiti zimeliwa, na anayehoji ndiye anayeitwa mfitini?

Aprili mwaka huohuo alihiji Makka. Akala sahani moja na Waislamu weupe wa ngozi, akalala nao hema moja, na akaandika barua kwao Harlem kukiri hadharani kwamba aliyokuwa akiyafundisha kwa miaka 12 juu ya wazungu wote hayakuwa sahihi. Akarudi na jina la El-Hajj Malik El-Shabazz. Hakupunguza madai yake juu ya dhulma, ila sasa aliidai haki kama haki ya binadamu, akitaka Marekani ishitakiwe Umoja wa Mataifa.

Kwa ajili hiyo alikuja Afrika. Julai 1964 alikuwa Cairo kwenye mkutano wa wakuu wa nchi huru za Afrika, akawaomba waibebe kesi ya ndugu zao. Walitoa azimio la kupoza tu, maana wengi walihitaji misaada. Oktoba alifika Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere na akawa karibu sana na Abdulrahman Babu, Mzanzibari aliyekuwa waziri. Desemba 13, Babu alihutubia mkutano wa Malcolm kule Harlem. Ni wangapi kati yetu tunaolijua hilo?

Tarehe 24 Novemba 1964 alirejea New York, na siku hiyohiyo askari wa Ubelgiji waliangushwa Stanleyville, Kisangani ya leo, kwa ndege za Marekani. Sisi wa Mpanda Kongo kwetu ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, si habari ya mbali. Magazeti ya Marekani yaliandika juu ya mateka wa kizungu. Malcolm akauliza habari za wanavijiji weusi waliokuwa wakipigwa mabomu na marubani waliolipwa na Marekani. Akaipinga na vita ya Vietnam, zaidi ya miaka miwili kabla Martin Luther King hajaisema kwa sauti kubwa Aprili 1967, mwezi uleule ambao Muhammad Ali alikataa kuingia jeshini. Na Ali huyo, aliyeletwa kundini na Malcolm, alimpa mgongo walipokutana Ghana mwaka 1964, kwa kuwa alibaki na Elijah. Baadaye Ali alijuta.

Februari 14, 1965 nyumba yake ilichomwa usiku, mkewe Betty na watoto wanne wakiwa ndani. Wote wakasalimika. Wiki moja baadaye, tarehe 21, alipigwa risasi jukwaani katika ukumbi wa Audubon akiwa na umri wa miaka 39. Betty alikuwa mjamzito wa mapacha. Sheikh kutoka Sudan alimwosha na kumvisha sanda, na kaburini rafiki zake waliwanyang'anya wachimbaji makoleo, wakamfukia wenyewe.

Wafuasi watatu wa Elijah walihukumiwa. Mmoja alikiri, lakini akasema wale wawili hawakuwemo, na hakusikilizwa. Novemba 2021 mahakama ya New York iliwafutia hatia, ikadhihirika kwamba FBI na polisi waliuficha ushahidi ambao ungewaokoa. Muhammad Aziz alikuwa na miaka 83, baada ya kukaa gerezani miaka 20. Khalil Islam alikwisha kufariki tangu mwaka 2009.