Theresia na Viatu vya Krismasi



Vijana wenzangu, sisi wa Arusha tuna Kanisa Kuu lenye jina la Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Wengi wetu tumeingia pale mara nyingi, kwenye upadrisho, kwenye kongamano la vijana, au tulipokuwa wadogo tumevaa sare za Utoto Mtakatifu. Picha yake tunaijua: mtawa kijana ameshika msalaba na mawaridi. Tunajua pia kwamba sikukuu yake ni Oktoba 1. Lakini nimegundua kwamba wengi hatujui jambo moja: maisha ya dada huyu yaligeuka usiku wa Krismasi, nyumbani kwao, kwa sababu ya viatu. Kwa kuwa tuko Majilio, nimeona niwasimulie.

Mimi naandika kutoka Olmotonyi, huku kwenye miteremko ya Mlima Meru, karibu na Chuo cha Misitu. Kwetu tuko watoto watano na mimi ndiye wa kwanza. Aliye mdogo kabisa ana miaka minne. Kwa hiyo msimu huu nyumba haina amani! Kila asubuhi lazima niulizwe zimebaki siku ngapi.

Sasa tumwangalie Theresia.

Alizaliwa Januari 2, 1873 katika mji wa Alençon, Ufaransa. Baba yake, Louis Martin, alikuwa fundi saa. Mama yake, Zélie, alikuwa na biashara ya lesi, zile za kushonwa kwa mkono, na aliajiri wanawake wengine wa mjini. Walijaliwa watoto tisa. Wanne walifariki wakiwa bado wadogo, wakabaki wasichana watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline na kitinda mimba wao, Theresia. Naye alipozaliwa alikuwa dhaifu kiasi kwamba ilibidi apelekwe kijijini akanyonyeshwe na mama mwingine, mpaka akapata nguvu.

Theresia mdogo alikuwa mchangamfu, mkaidi kidogo, na alipendwa sana. Halafu Agosti 1877 mama yao akafariki kwa saratani ya matiti. Theresia alikuwa na miaka minne na nusu. Baba akawachukua mabinti wake wakahamia Lisieux, karibu na mjomba wao, katika nyumba iliyoitwa Les Buissonnets. Pauline akawa kama mama wa pili kwa Theresia. Lakini Oktoba 1882 Pauline akaingia monasteri ya Wakarmeli palepale Lisieux. Kwa mtoto wa miaka tisa, huko kulikuwa ni kufiwa na mama mara ya pili. Miezi michache baadaye akaugua ugonjwa wa ajabu, anatetemeka, anaona vitu vya kutisha, mpaka familia ikakata tamaa. Akapona Mei 13, 1883, siku ya Pentekoste, wakati dada zake wanasali mbele ya sanamu ya Bikira Maria, naye akaona Mama Maria anamtabasamia.

Mwili ukapona, ila moyo ulibaki na jeraha. Tangu mama afariki, Theresia alikuwa mtu wa kulia. Akikosea kidogo, analia. Akishanyamazishwa, analia tena kwa sababu alilia. Si utani, yeye mwenyewe aliandika hivyo alipokuwa mkubwa. Na Oktoba 1886 dada yake mkubwa kabisa, Marie, naye akaenda Karmeli. Hesabuni wenyewe: mama, Pauline, sasa Marie. Wote hao kabla hajatimiza miaka kumi na minne.

Basi ikafika Krismasi ya mwaka huohuo, 1886.

Kwao kulikuwa na desturi. Watoto wanaweka viatu vyao kwenye meko ya kuotea moto, na wakirudi kutoka Misa ya usiku wanakuta vimejazwa zawadi. Ni jambo la watoto wadogo, na Theresia alikuwa karibu miaka kumi na minne. Ila kwa kuwa ndiye kitinda mimba, Céline aliendelea kumfanyia. Na mzee Louis alifurahi kila mwaka kumsikia binti yake akipiga kelele za furaha kila anapochomoa kitu kiatuni.

Usiku ule walirudi kutoka kanisani saa za usiku mkubwa. Baba alikuwa amechoka. Akaviona vile viatu mekoni, na bila kujua kwamba binti yake anamsikia, akasema kwamba afadhali, huu ni mwaka wa mwisho wa mambo haya. Theresia alikuwa anapanda ngazi kwenda kuvua kofia yake. Neno likamchoma. Céline akamwona macho yamejaa machozi, akamsihi asishuke kwanza, maana akishuka sasa ataharibu sikukuu kwa kilio.

Kila mtu nyumbani alijua kinachofuata. Miaka tisa wamekizoea.

Theresia akafuta machozi. Akashuka ngazi mbio, moyo unamdunda, akavichukua viatu, akaviweka mbele ya baba yake, akaanza kuchomoa zawadi moja moja kwa furaha kama kawaida. Baba akachangamka, akaanza kucheka. Céline alidhani anaota.

Ndiyo hivyo tu. Hapakuwa na malaika wala mwanga. Lakini Theresia aliuhesabu usiku ule kuwa ndio usiku wa wongofu wake. Aliandika kwamba ile nguvu ya roho aliyoipoteza akiwa na miaka minne na nusu, Yesu alimrudishia kwa dakika moja, na kwamba upendo uliingia moyoni mwake pamoja na hamu ya kujisahau ili wengine wafurahi.

Nilipomsimulia mdogo wangu wa darasa la saba habari hii, aliniuliza huo muujiza uko wapi. Mtu kaacha kulia, basi? Swali lake ni zuri, maana hata mimi nililiwaza. Nami nilimjibu kwa mambo mawili.

La kwanza, vile havikuwa viatu tu. Kwa binti aliyepoteza mama na dada wawili, viatu vya mekoni vilikuwa kitu cha mwisho kilichobaki cha utoto wake, cha ile nyumba ilivyokuwa mama akiwa hai. Na anayekifuta ni baba, mtu anayempenda kuliko wote duniani. Kilio chake kingekuwa na haki kabisa. Angelia, na hakuna ambaye angemlaumu. Ndiyo maana tendo lake ni kubwa. Alikuwa na sababu ya kulia, akachagua furaha ya baba.

La pili, tuangalie yaliyofuata. Mwaka 1887 alisikia habari za Pranzini, mtu aliyeua wanawake wawili na msichana mmoja mjini Paris, akahukumiwa kifo bila kuonyesha majuto. Theresia akaamua kumwombea kama mtu wa nyumbani kwake. Agosti 31 Pranzini alipopelekwa kuuawa, dakika za mwisho aliomba msalaba akaubusu mara tatu. Theresia akayasoma gazetini, akamwita mtoto wake wa kwanza. Miezi minane tu kabla, huyu alikuwa anahangaikia zawadi zake. Sasa anahangaikia roho ya muuaji.

Mwaka huohuo, siku ya Pentekoste, alimwomba baba ruhusa ya kuingia Karmeli. Mzee alitokwa na machozi, kisha akachuma ua dogo jeupe bustanini akampa. Viongozi wakasema bado mdogo. Novemba akaenda Roma na baba na Céline, akapiga magoti mbele ya Papa Leo XIII na kumwomba mwenyewe. Hatimaye aliingia Aprili 9, 1888, ana miaka kumi na mitano. Huko akaitwa Theresia wa Mtoto Yesu.

Usidhani mambo yalikuwa laini. Mwaka uliofuata baba yake alipata ugonjwa wa akili, akakaa hospitalini Caen zaidi ya miaka mitatu, huku Theresia akiwa ndani ya monasteri. Watu wakasema mzee kaugua kwa sababu ya mabinti kumwacha. Mzee Louis alifariki Julai 1894. Mwaka 1896, usiku wa Alhamisi Kuu, Theresia mwenyewe akatema damu: kifua kikuu. Zikaongezeka siku za giza la imani ambazo mbingu aliiona kama ukuta. Hata hivyo masista walimjua kwa tabasamu na utani. Ilikuwa nguvu ileile ya kwenye ngazi, ya kushuka unatabasamu kwa ajili ya wengine wakati moyo unauma. Alifariki Septemba 30, 1897, ana miaka ishirini na minne.

Bila kutoka monasterini alikuwa na kaka wa kiroho aliyemwandikia barua na kumwombea, Maurice Bellière, aliyepanda meli kwenda Afrika siku moja kabla ya kifo chake ili ajiunge na White Fathers. Baadaye alifika Nyasa, nchi tunayoiita leo Malawi. Mwaka 1925 Papa Pius XI alimtangaza Theresia mtakatifu, na 1927 akamfanya msimamizi wa misioni. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Kuna kitu kimoja nakipenda kuliko vyote. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu, mke na mume pamoja. Ina maana yule baba aliyechoka usiku wa Krismasi, akasema neno lililomchoma binti yake, ni mtakatifu! Utakatifu haukumzuia kuchoka. Alikuwa amelea mabinti watano peke yake kwa miaka tisa. Jamani, mtu anachoka.

Hapa ndipo habari hii inapoingia nyumbani kwetu. Desemba huku Olmotonyi ni nzuri. Tunaleta tawi la saiprasi, tunalipamba kwa pamba na puto. Wadogo wanatengeneza pango kwa boksi na majani ya migomba, na ng'ombe wao wa udongo ni wakubwa kuliko Yosefu. Mama anapika pilau, na bibi lazima awe na loshoro yake pembeni, maana kwake sikukuu bila mtindi si sikukuu. Majirani Wachaga wanafunga milango wanapanda Moshi. Watoto wanataka nguo mpya waende nazo Misa, na ada za Januari nazo ziko njiani.

Baba yangu anafanya kazi ya mbao. Jioni moja wiki iliyopita alirudi, akamkuta mdogo wetu anamwimbia habari za viatu vyenye taa. Akakaa kimya, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba sikukuu hizi zingekuwa zinakuja mwaka mmoja zinaacha mwaka mmoja. Watoto hawakuelewa. Mimi nilielewa. Nikamwona Louis Martin mbele ya meko.

Kesho yake nikakaa na huyu wa darasa la saba, tukapanga. Mimi nina akiba kidogo ya kushona. Tukaenda soko la Ngaramtoni, tukachagua mitumba mizuri, tukafua, tukapiga pasi, tukaficha juu ya kabati. Havina taa, ila ni vizima na vinang'aa. Mdogo wangu huyu, ambaye mwaka jana alikuwa upande wa kupokea, sasa ndiye mlinzi wa siri. Na ameshasema usiku wa mkesha yeye ndiye atakayeosha vyombo ili mama akae.

Kijana mwenzangu, labda mwaka huu kwenu hakuna fedha. Labda mzazi mmoja hayupo mezani. Labda utasikia neno la uchovu kutoka kwa baba, mama, shangazi au kaka anayewalea, na litakuuma kweli. Sisemi ujifanye huumii. Kama kuna jambo zito nyumbani, la kukuumiza mwili au roho, mtafute mtu unayemwamini au paroko, uliseme. Lakini kama ni uchovu tu wa mtu anayekupenda, kumbuka ngazi za Les Buissonnets. Futa machozi, shuka. Mwondolee mama sufuria moja. Wasimulie wadogo kwa nini Mtoto Yesu alilala kwenye hori. Cheka na baba yako. Utoto wao mwaka huu unaweza kuwa mikononi mwako.

Tusali: Ee Mtoto Yesu, uliyekubali kuwa mdogo na kuhitaji kulelewa, wape nguvu wazazi wetu waliochoka. Sisi vijana utupe neema uliyompa Theresia usiku wa Noeli, tusahau kidogo zawadi zetu ili wengine nyumbani wafurahi. Amina.

Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, utuombee. Watakatifu Louis na Zélie, mtuombee.

Nawatakia Majilio mema na Noeli yenye furaha, kutoka Olmotonyi.