Remmy Ongala: Mtoto wa Kindu aliyesema jukwaani yasiyopita redioni

Ukipita mialo ya Kibirizi au Katonga wakati wavuvi wanashona nyavu, si ajabu kusikia dansi la zamani likitoka kwenye simu. Mara nyingine sauti unayoisikia ni nzito, ya mtu anayeimba kama anayezungumza na jirani yake. Huyo ni Remmy Ongala.

Wengi wanazijua nyimbo zake, lakini wachache wanajua kwamba asili yake ni ng'ambo ya ziwa letu. Makala haya yanaeleza maisha yake, na kwa nini ukitaka kumwelewa ni vizuri kusikiliza pia rekodi za jukwaani, bendi nzima ikipiga kwa pamoja.

Kutoka Maniema

Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 mjini Kindu, kando ya mto Lualaba. Wakati huo Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji. Kindu ni mji wa Maniema, nchi ileile walikotoka mababu wa Wamanyema wa Ujiji. Walivuka ziwa zama za misafara ya pembe za ndovu, wengine kwa hiari na wengine kwa minyororo, wakajenga mitaa, wakaoa na kuolewa. Kwa hiyo msikilizaji wa Ujiji anapomsikia Remmy anamsikia mtu wa nchi ya babu zake. Hata Kiswahili kilikuwa lugha ya Kindu kabla Remmy hajazaliwa.

Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mama yake alipoteza watoto wawili kabla yake. Mganga akampa mama masharti, na mojawapo ni kwamba mtoto atakayezaliwa asinyolewe nywele. Zile nywele ndefu zilizokuja kuwa alama yake zilianzia hapo, kwenye hofu ya mama asitake kuzika tena.

Baba yake alikuwa mwanamuziki, na kwake ndiko Remmy alikoanza kujifunza. Lakini wazazi wote wawili walifariki akiwa bado mdogo, na shule ikamshinda kwa kukosa fedha. Muziki ukawa kazi. Alianza na ngoma, kisha gitaa, akizunguka na bendi za mashariki ya Kongo hadi Uganda.

Dar es Salaam, 1978

Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kwa mwito wa mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na bendi yake, Orchestra Makassy. Jiji lilikuwa limejaa wanamuziki kutoka Kongo, ambayo siku hizo iliitwa Zaire. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Remmy akahamia bendi ya Matimila, ambayo baadaye ilijulikana kama Super Matimila. Watu walimwita Dokta Remmy.

Muziki wake aliuita muziki wa ubongo. Alitaka mtu acheze, lakini arudi nyumbani akiwa na la kufikiri. Aliimba juu ya mnyonge asiyepata haki, juu ya umaskini, na juu ya kifo kisichochagua tajiri wala fukara. Watu wa vibarua na wa vibanda vya sokoni waliona amewasemea wao.

Tofauti ya studio na jukwaa

Hapa inafaa kueleza jinsi muziki ulivyorekodiwa siku hizo. Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, maarufu kwa jina la RTD. Bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ilikwenda kurekodi kwenye studio ya redio. Kabla ya kurekodi, maneno ya nyimbo yalipitiwa na kamati. Yaliyokubaliwa yaliimbwa, na yaliyokataliwa yaliishia mlangoni.

Santuri nazo zilikuwa na mipaka yake. Kampuni nyingi za kuzitengeneza zilikuwa Nairobi, na santuri ndogo ilibeba dakika chache tu kila upande. Wimbo mrefu ilibidi ukatwe katikati, au upunguzwe.

Ukumbini hapakuwa na kamati wala saa. Bendi iliishi kwa kiingilio, na aliyelipa kiingilio alitaka kucheza hadi usiku wa manane. Wimbo ulianza polepole, maneno yakasikika vizuri, kisha magitaa yakashika sebene na watu wakajaa uwanjani. Remmy alisimama mbele, mara nyingine akiwa amejichora usoni, akiimba, akizungumza na watu, akiwatania na kuwaonya. Ndiyo maana rekodi ya jukwaani, hata ikiwa na kelele na sauti za kukwaruza, inakuonyesha mtu ambaye studio ilimwonyesha nusu.

Wimbo wa soksi

Tofauti hiyo ilionekana wazi UKIMWI ulipoingia. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia mwisho wa muongo ule watu wengi walikuwa wamezika ndugu au jirani, lakini wengi waliona aibu kuutaja ugonjwa kwa jina. Kutaja kondomu mbele ya watu ilikuwa aibu zaidi.

Remmy akatunga wimbo uitwao Mambo kwa Soksi. Soksi alimaanisha kondomu, na kila mtu alimwelewa. Aliwaambia wanaume wazivae. RTD iliona maneno hayo hayafai hewani, ikakataa kuupiga.

Kama redio ingekuwa njia pekee, wimbo ungekufa siku hiyo. Lakini Remmy aliendelea kuuimba kwenye kumbi, na kaseti zikapita mkono kwa mkono. Wimbo ukasikika sana bila redio. Sisi wa redio tunapaswa kulikumbuka jambo hili bila kujitetea. Kulikuwa na ujumbe wa kuokoa maisha, na waliokataa kuupeleka ni watu wa kazi yetu. Mwanamuziki aliyezaliwa nje ya nchi, asiye na cheo chochote, ndiye aliyethubutu.

Kaseti iliyofika Uingereza

Kaseti pia ndiyo iliyompeleka Ulaya. Rafiki aliyekuwa akisafiri aliibeba, ikafika kwa waandaaji wa WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa lililoanzishwa Uingereza na mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake. Mwaka 1988 Super Matimila walialikwa kwenye maonyesho hayo. Mwaka huohuo ikatoka santuri iitwayo Nalilia Mwana, na mwaka 1989 ikafuata Songs for the Poor Man, iliyorekodiwa kwenye studio ya Gabriel. Redio ya BBC nayo iliwarekodi katika kipindi cha mtangazaji Andy Kershaw, na rekodi hizo baadaye zilitolewa kama albamu.

Umaarufu huo haukumhamisha. Alirudi Dar es Salaam na kuishi Sinza, na kituo cha daladala cha karibu na kwake kikaitwa kwa Remmy. Jina hilo lipo hadi leo, hata kondakta aliyezaliwa baada ya enzi za Matimila hulitangaza kila siku.

Miaka ya mwisho

Afya yake ilidhoofika, akapata kiharusi. Katika miaka yake ya mwisho aliacha dansi, akaokoka na kuimba nyimbo za Injili. Alifariki nyumbani kwake Sinza tarehe 13 Desemba 2010, akiwa na umri wa miaka 63.

Ukitaka kumsikiliza

Kama una nyimbo zake kwenye simu, jaribu hivi. Chukua wimbo mmoja, sikiliza kwanza rekodi ya studio, kisha tafuta ya jukwaani. Sikiliza gitaa la solo linavyojibizana na rithimu, na besi inavyowabeba wote. Halafu sikiliza pale Remmy anapoacha kuimba na kuanza kuzungumza.

Kutoka Kigoma hadi ufuo wa Kongo ni kilomita 50 hivi za maji. Siku mbingu ikitakata, milima ya ng'ambo huonekana. Nyuma ya milima hiyo, mbali zaidi, ndiko Kindu. Mtoto yatima aliyetoka huko hakupewa shule wala urithi, lakini maneno yake yalifika hata kule redio ilikokataa kuyapeleka.