Kabla ya Netflix, Kulikuwa na Bwana Msa

Umeketi kwa matatu ukirudi Muthangari, jam haisongi, na kwa simu unasaka filamu yenye mapenzi, vicheko na maiti moja hivi. Hebu weka simu kando, nikujuze kuhusu mzee mmoja.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Zanzibar, mwaka 1918. Kwanza alikuwa mkaguzi wa afya. Mwaka 1948 akaingia magazetini, na baadaye akahariri Mkulima, gazeti la kilimo. Ndiyo, kilimo! Lakini kichwani alikuwa na mpelelezi mvuta kiko, Bwana Msa, na rafiki yake Najum.

Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957-58, ikatoka kitabu 1960. Piga hesabu: jamaa alikuwa anagonga miaka 40. Mimi niliyeacha chuo nikidhani nimechelewa maishani, hesabu hiyo ilinirudishia pumzi.

Vikafuata vingine, kama Kisima cha Giningi na Mke Mmoja Waume Watatu. Hilo jina la mwisho pekee ni mapenzi, kicheko na balaa! Utamu wake ndio huo: wengine wanaogopa mizimu, Bwana Msa anatafuta binadamu, na mara nyingi fumbo linaishia kwa siri za ndoa na uzazi.

Alifariki 1991. Siku ukipita kwa wauza vitabu kuukuu pale tao, uliza jina lake. Tukiacha kuuliza, nani atavihifadhi?