Mackay wa Nateete: jina la Uskoti lililobaki Kampala

Mfanyabiashara anayevuka Mutukula na mzigo wake, akapita Kyotera, Masaka na Lukaya, huingia Kampala kwa Kyengera na Busega, kisha Nateete. Hapo foleni humshika, na akiwa ndani ya foleni husoma vibao. Kuna shule ya Mackay, na kuna kanisa linalomkumbuka Mackay. Wakazi wengi wa Nateete wamelizoea jina hilo toka utotoni, na ukiwauliza ni jina gani watajibu ni la Kiingereza. Jibu hilo lina kasoro. Jina ni la Uskoti, wala mwenye nalo hakuwa Mwingereza, ingawa waliomtuma na kumlipa walikuwa Waingereza.

Alexander Murdoch Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, wilaya ya Aberdeen, kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Jina la ukoo wake ni la lugha ya Kigaeli, lugha ya milima ya huko, ambayo ni tofauti kabisa na Kiingereza. Mac maana yake ni mwana. Sehemu iliyobaki ni Aodh, jina la kale la mwanamume lenye maana ya moto. Kwa hiyo Mackay ni mwana wa Aodh, kama vile Mwarabu anavyosema bin, Mkalenjin arap na Mmasai ole. Wenye jina hulitamka Makai na kukaza sauti mwishoni. Anayelisoma Makei kwa kufuata herufi ndiye anayekosea.

Ukoo wa Mackay ulikaa karne nyingi katika bonde la Strathnaver, pembe ya juu kabisa ya Uskoti. Walikuwa wafugaji na askari. Baadhi yao walikwenda kupigana vita za Ulaya kwa mshahara, na tawi moja likaweka makazi Uholanzi. Mwaka 1888, Mackay wa Nateete alipokuwa akitetemeka kwa homa kusini mwa Ziwa Victoria, mtu mwingine wa jina hilohilo, Aeneas Mackay, alikuwa waziri mkuu wa Uholanzi. Hata hivyo lililosambaza jina duniani ni kufukuzwa. Mwaka 1814, na tena 1819, wapangaji wa Strathnaver walitolewa mashambani na nyumba zao zikachomwa ili mwenye ardhi apate malisho ya kondoo, ambao walimletea faida kuliko kodi ya watu. Waliofukuzwa walikwenda pwani, wengine wakapanda meli. Ndiyo maana jina hili, likiandikwa Mackay au McKay, ni la kawaida leo Kanada, Australia na New Zealand, na huko Queensland kuna mji mzima unaoitwa Mackay. Uskoti kwenyewe bado limejaa katika wilaya za kaskazini, Sutherland na Caithness.

Baba yake Alexander alikuwa mchungaji na mwandishi wa vitabu vya jiografia. Alimfundisha mwanawe nyumbani hadi alipofika umri wa miaka 14, akitarajia awe mchungaji pia. Kijana alipenda mashine. Alisoma ualimu Edinburgh, akaongeza uhandisi, kisha mwaka 1873 akaenda Ujerumani kufanya kazi ya kuchora mitambo Berlin. Angeweza kukaa huko akatajirika. Lakini mwishoni mwa 1875 gazeti la London lilichapisha barua ya Stanley iliyosema Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu, tena walimu wenye ufundi wa mikono. Chama cha wamisionari cha CMS kikatafuta watu, na Mackay akaandika jina lake.

Walikuwa wanane. Kabla ya kuondoka Aprili 1876, Mackay aliwaonya viongozi wa chama kwamba kabla ya miezi sita kwisha huenda wakasikia mmoja wao amekufa. Haikuchukua muda huo. Wa kwanza alifia Zanzibar mwezi Agosti.

Mwenye kuvuka mipaka na bidhaa ataielewa safari iliyofuata kuliko mtu mwingine. Mizigo yote ilibebwa vichwani na wapagazi: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, zana za chuma, vipande vya mashua. Kila mtemi njiani alidai hongo, na hongo haikuwa na bei ya kudumu. Ilitegemea mwaka, mvua na nani amepita jana. Mackay mwenyewe aliugua kabla ya kufika mbali, akarudishwa pwani. Alipopona, mwaka 1877 alipewa kazi ya kufungua barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, takriban kilomita 370. Aliifyeka na kuifungua pamoja na vibarua wake wa pwani.

Wenzake waliotangulia hawakuwa na bahati. Huko Ukerewe walikuwa wamenunua jahazi kwa mfanyabiashara aitwaye Songoro. Songoro alikuwa na ugomvi na mtemi Lukonge, na mnamo Desemba 1877 ugomvi ukawa vita. Luteni Shergold Smith na O'Neill, waliokuwa upande wa Songoro, wakauawa pamoja naye. Mackay alipata habari akiwa njiani. Mwaka uliofuata alikwenda Ukerewe kuonana na Lukonge bila silaha, wakapatana. Kisha akatengeneza mashua yao iliyoharibika, akavuka ziwa, na Novemba 1878 akafika kwa Mutesa.

Kabaka aliwapa wamisionari hao ardhi Nateete, chini ya mlima wa Rubaga ulipokuwa mji wake. Wakati huo Kiswahili kilikuwa kimeshafika. Wafanyabiashara wa Zanzibar walikuwa wakija ikulu toka siku za baba yake Mutesa, na Kabaka alikisema. Mackay naye alikitumia kabla hajaujua Luganda. Hata majina ya Kiingereza yalikuwa yamemtangulia. Stanley alipoondoka mwaka 1875 alimwacha kwa Mutesa kijana wa Zanzibar aliyesomeshwa na wamisionari wa huko, ili amsomee Kabaka Biblia kwa Kiswahili. Kijana huyo aliitwa Dallington Maftaa, na Dallington ni jina la vijiji vya Uingereza. Kwa hiyo mtu wa kwanza kujulikana Buganda akiwa na jina la namna hiyo na kukaa nalo alikuwa Mswahili.

Pale Nateete Mackay alijenga karakana. Alifua chuma, alichonga mbao, alinoa, alitengeneza gari la kukokotwa na ng'ombe. Alichimba kisima na kukiwekea pampu, na watu waliozoea kuteka maji ya bwawani wakaja kutazama maji yakipanda juu. Alichonga herufi kwa mkono wake na kuchapa karatasi za kusomea. Kutokana na hayo akapata jina jingine, si la ukoo wa mtu yeyote: Muzungu wa kazi. Jina hilo lina Kiswahili ndani yake, na ndilo lililomtambulisha kwa watu ambao Mackay liliwashinda kutamka.

Mwaka 1882 alifariki mama yake Mutesa, Namasole Muganzirwazza. Mutesa aliomba azikwe kwa heshima ambayo Buganda haikuwahi kuona, na kazi ikamwangukia Mackay. Yeye na mafundi wa Kabaka walifanya kazi wiki nzima na zaidi, wakatengeneza majeneza makubwa ya mbao na shaba, moja ndani ya jingine, na vitambaa vikajazwa kaburini kwa wingi ambao wafanyabiashara wa ikulu waliusimulia kwa uchungu. Ilikuwa mali ya misafara mingi kwenda chini ya ardhi. Mwaka huohuo, tarehe 18 Machi, wanafunzi watano wa Nateete walibatizwa, wa kwanza wa kanisa hilo.

Mackay hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Alibishana na mapadri wa Kifaransa waliofika 1879, tena mbele ya Kabaka, jambo ambalo halikuwasaidia wao wala yeye. Na wafanyabiashara wa pwani walimwona adui wa soko lao. Wao walileta bunduki na vitambaa, wakachukua pembe na watu. Mackay aliipinga biashara ya watu waziwazi ikuluni. Wao wakamjibu kwa kumwambia Kabaka kwamba Wazungu wanakuja kuila nchi. Miaka michache baadaye Uingereza ilipoichukua Uganda, ilionekana kwamba onyo hilo halikuwa uongo mtupu, hata kama waliolitoa walikuwa wakilinda faida yao.

Mutesa alikufa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga, kijana bado, akarithi. Mwishoni mwa Januari 1885 Mackay na mwenzake Ashe waliomba ruhusa kwenda ziwani wakavuke, wakaipata. Waliondoka Nateete na vijana wa misheni. Njiani askari wa Kabaka waliwazuia, wakawarudisha kwa nguvu, na vijana wakakamatwa. Wazungu wakaachwa. Tarehe 31 Januari vijana watatu, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walipelekwa Busega, ukingoni mwa bwawa, wakakatwa mikono na kuchomwa moto. Lugalama alikuwa mdogo kuliko wote. Hakuwa Mganda. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Ankole aliyetekwa vitani, akaletwa Buganda kama mtumwa, na baadaye akakombolewa. Pale Nateete alipata mahali pa kukaa na jina jipya, na jina hilo likamgharimu.

Majina hayo matatu yastahili kutazamwa. Makko ni Marko, Nuwa ni Nuhu, Yusufu ni Yusufu. Baadhi ya waliobatizwa mwanzo walichukua majina ya Biblia katika sauti ya Luganda na ya Kiswahili, wakabaki na majina yao ya ukoo. Mmoja wa waliobatizwa mwanzo aliitwa Mackay. Buganda haikuwa na desturi ya mtoto kubeba jina la baba. Kila ukoo una majina yake, na watoto wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, yote yakitoka kwenye ghala la ukoo huo. Fomu za mpakani bado zinasumbua kwa sababu hii. Mtanzania huandika lake, la baba na la babu. Mganda huandika la ukoo na la ubatizo. Ofisa anayetafuta jina la familia huona kama watu wa nyumba moja hawahusiani.

Oktoba 1885 lilikuja jina lililotia mizizi kuliko Mackay. Askofu James Hannington, Mwingereza halisi, alikuwa akija Buganda kwa njia ya mashariki, kupitia Kenya ya leo na Busoga. Waganda waliiogopa njia hiyo, kwa kuwa ilisemwa atakayeiteka nchi atatokea upande huo. Mackay na wenzake walijaribu kumwonya askofu na kumtuliza Mwanga, wakashindwa. Tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka. Jina lake kwa Waingereza ni la ukoo, na chanzo chake ni vijiji viitwavyo Hannington kusini mwa nchi yao na katikati. Kwao halijawahi kuwa jina la watu wengi. Afrika Mashariki limegeuka kuwa jina la kwanza la ubatizo, na utakutana na akina Hannington kuanzia Mbarara hadi magharibi mwa Kenya. Hata Ziwa Bogoria liliitwa Hannington zamani za ukoloni. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Livingstone, Stanley, Wilson na Gordon, na kwa Milton aliyekuja kuwa jina la Obote: majina ya ukoo kule, majina ya kanisani huku.

Mackay alikaa Nateete karibu peke yake baada ya mauaji ya Namugongo ya 1886, akichapa na kutafsiri, huku wasomaji wakimjia usiku. Julai 1887 Mwanga alimtaka aondoke. Alifunga karakana, akampa mwenzake Gordon nafasi, akavuka ziwa hadi Usambiro, Tanzania ya leo. Huko akaanza tena: tanuru la matofali, chapa, mashine ya mashua ya mvuke. Mwaka 1889 Stanley alipita hapo akiwa na Emin Pasha, akamsihi waende pwani pamoja, maana alikuwa hajaiona Ulaya toka 1876. Alikataa. Februari 1890 malaria ilimuua, akiwa na umri wa miaka 40.

Hakuoa, hakuacha mtoto. Kama jina lingetegemea damu peke yake, lingekoma Usambiro. Badala yake limebaki kwenye kanisa na shule ya Nateete, na limebaki vinywani mwa wanafunzi wa shule hiyo, wenye majina ya koo zote za Buganda na za nje ya Buganda, wanaojitambulisha kuwa watu wa Mackay. Busega nako, hatua chache kutoka barabara ya Masaka, ipo kumbukumbu ya Kakumba, Serwanga na Lugalama.

Mwaka 1927, kanisa likiadhimisha miaka 50, mabaki ya Mackay yalichukuliwa kutoka kusini mwa ziwa yakavushwa hadi Kampala. Yalizikwa Namirembe, mlima unaoonekana kutoka Nateete, alipolala pia Hannington.